Nina siku 24 bila kazi na mke wangu hajui: je, kunyamaza ndiko kujikaza kiume?

Mtunza Ghala ameuliza:

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za leo.

Nina umri wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, na tunaishi Mbagala, Dar es Salaam. Kwa miaka sita na ushee nilikuwa mtunza ghala katika kampuni moja ya kuingiza bidhaa ambayo sitaitaja. Tarehe 3 ya mwezi huu niliitwa ofisini saa tisa alasiri, nikapewa barua iliyosema kwamba nafasi yangu imeondolewa kwa sababu za kiuendeshaji, na nikaagizwa nikabidhi funguo na leja kabla ya saa kumi na moja. Hakukuwa na kikao chochote kabla ya siku hiyo, wala hakuna aliyetudokeza kwamba watu wangepunguzwa. Nililipwa siku nilizofanya kazi pamoja na mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, na mambo yakaishia hapo.

Leo ni tarehe 27 na mke wangu hajui lolote. Kila siku naamka saa kumi alfajiri, nafanya mazoezi, naoga maji ya baridi, navaa nguo za kazini, napokea hotpoti ya chakula aliyonifungia, kisha napanda gari hadi Posta na kutembea mpaka Kivukoni. Huko naketi kwenye benchi nikitazama pantoni zikienda na kurudi Kigamboni, natuma barua za maombi kwa simu, saa saba nakula, na jioni narudi nyumbani nikiwa nimebanana na watu wanaotoka kazini kweli. Tarehe 25 nilimpa fedha za matumizi kama kawaida. Zilitoka kwenye ule mshahara wa notisi, na mwezi ujao hazitakuwapo.

Naomba mnielewe kwamba sikuamka siku moja nikaamua kuwa mwongo. Baba yangu alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nimekuwa nikisikiliza katika simu mafundisho ya wanaume juu ya kujijenga. Sitayadharau, kwa sababu yalinitoa kwenye bia za kila Ijumaa na yakanizoesha kuweka akiba. Lakini humo humo tunafundishwa kwamba mwanamume hatangazi udhaifu wake, kwamba mke humheshimu mume kwa kile anachokiingiza ndani, na kwamba siku atakapokuona umeanguka ndiyo siku atakayoanza kutazama pembeni; kwa hiyo tatua kwanza, sema baadaye. Walimu hao wanapenda kuwataja wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, hasa mfalme Marcus Aurelius, ambaye wanasema aliubeba ufalme mzima bila kulalamika. Hayo hayakunishangaza, maana hata jandoni tuliambiwa kwamba mwanamume hulia kwa ndani, na nilipomzika baba sikutoa chozi, watu wakanisifu.

Juzi mke wangu alinifungia wali kwa samaki, akaniambia nipunguze kazi kwa sababu naonekana nimechoka. Nilifika Kivukoni nikashindwa kuufungua ule mfuniko.

Swali langu, basi, si namna ya kupata kazi. Nauliza kama hiki ninachokifanya ndicho kujikaza, au ni kitu kingine nilichokipa jina zuri.

Mwalimu Mstaafu, Tanga amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nilifundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na hao wanafalsafa unaowataja nimekaa nao kuliko nilivyokaa na majirani zangu, kwa hiyo niruhusu niwatetee, maana naona wamesingiziwa.

Waliitwa Wastoa, na jina hilo halikutokana na ukali wala ukimya. Stoa kwa Kigiriki ni kama baraza letu: jengo lenye paa na nguzo, lililo wazi upande mmoja, ambako watu hukaa, hupita na huzungumza. Mwanzilishi wao, Zeno, alikuwa mtu wa Kition katika kisiwa cha Cyprus, na inasimuliwa kwamba alikuwa mfanyabiashara aliyepoteza shehena yake chombo kilipozama, ndipo akaingia katika falsafa. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo alianza kufundisha mjini Athens katika baraza moja lililopambwa kwa michoro, pembeni mwa soko. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa baraza ni nini. Ni mahali ambapo mtu akikosekana siku mbili huulizwa, na akija amekunja uso huulizwa pia. Falsafa iliyozaliwa barazani sasa inamfikia kijana mmoja mmoja kupitia hedifoni, naye hana wa kumuuliza swali. Nadhani nusu ya upotoshaji inaanzia hapo.

Zeno alirithiwa na Cleanthes, ambaye alikuwa bondia kabla ya kuwa mwanafalsafa, na inasemekana aliingia Athens akiwa na drakma nne tu. Mchana alisoma, usiku alichota maji ya kumwagilia bustani za watu ili apate chakula. Watu walipomwona mwanamume mwenye nguvu zake anashinda darasani walimshuku, akaitwa mahakamani aeleze anaishi kwa kutegemea nini. Hakutoa hotuba juu ya ujasiri. Alimleta mtunza bustani ambaye yeye Cleanthes alimchotea maji na mwanamke ambaye alimsagia unga, wakamtolea ushahidi. Mji ulimbandika jina la utani la mchota maji, na bado ndiye aliyeachiwa shule. Sasa mlinganishe na benchi lako. Yeye alikuwa na kazi ya chini ambayo aliweza kuionyesha mbele ya mahakama. Wewe una kazi ya heshima ambayo haipo. Sisemi hivi ili nikuumize.

Kuhusu Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, nadhani umefichwa mengi. Maandishi yake ambayo kila mtu anayanukuu ni maneno aliyojiandikia mwenyewe, kwa Kigiriki, baadhi yake akiwa vitani kwenye mpaka wa mto Danube, na ndani yake anajikemea na kubishana na nafsi yake asubuhi inapokuwa nzito kuamka. Ni daftari la mtu anayehangaika. Humo humo anajiambia asione haya kusaidiwa, na mfano anaoutoa ni wa askari wanaovamia ukuta: ikiwa una kilema na huwezi kupanda peke yako, lakini kwa msaada wa mwenzako utapanda, kuna aibu gani? Huyo alikuwa mtu mwenye majeshi chini yake. Inasimuliwa pia kwamba alipokuwa kijana alimlilia mlezi wake aliyefariki, watumishi wa ikulu wakataka kumzuia, na mfalme Antoninus Pius, aliyemlea kama mwanawe, akaagiza aachwe awe binadamu. Walimu wako wa simu hawakukusimulia hilo uliporudi kutoka makaburini.

Nimemweka mwisho yule nimpendaye. Epictetus alizaliwa yapata mwaka 50 baada ya Kristo huko Hierapolis, katika nchi tunayoiita leo Uturuki; alikuwa mtumwa na alikuwa na mguu mbovu. Ndiye aliyefundisha kwa mkazo kuliko wote kwamba yapo yaliyo katika uwezo wetu na yapo yasiyo katika uwezo wetu, na hilo najua umelisikia mara mia. Ulichonyimwa ni sehemu ya pili ya somo: kwamba mtu hapaswi kuwa kama sanamu isiyohisi, bali autunze uhusiano wake na watu, akiwa mwana, ndugu, baba na raia, na kwamba wajibu wake hupimwa kwa majina hayo. Basi jipime. Barua ya kuachishwa haikuwa katika uwezo wako. Kumwambia mkeo kulikuwa katika uwezo wako tangu jioni ya tarehe 3, nawe umeshindana siku 24 na barua, hata maji ya baridi umeyaoga kwa ajili yake.

Kiswahili chetu kina neno ambalo naamini Epictetus angelipenda. Muungwana zamani alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Leo ni mtu mwenye adabu na utu, awe ametoka ukoo wowote. Neno lilihama kutoka kwenye nasaba likaenda kwenye mwenendo, na yule mtumwa wa Hierapolis alifundisha maisha yake yote kwamba uhuru uko huko huko. Mtu anayelazimika kukumbuka kila jioni alichosema jana ili kisigongane na atakachosema leo, sidhani kama yuko huru.

Mjumbe wa Chama cha Wafanyakazi amejibu:

Mwalimu ameshughulika na moyo. Mimi nina haraka na kalenda. Ndugu Mtunza Ghala, kwa mujibu wa kanuni zinazosimamia migogoro ya kazi, mfanyakazi anayepinga uhalali wa kuachishwa kwake anatakiwa kupeleka mgogoro mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu siku aliyoachishwa. Wewe umekwisha kutumia 24. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini utatakiwa kueleza sababu ya msingi ya kuchelewa, na sidhani kama maneno "nilikuwa namficha mke wangu" yatampendeza msuluhishi yeyote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kupunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji, lakini inamtaka atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu njia za kuepuka au kupunguza zoezi hilo, namna ya kuwachagua watakaoondoka, na malipo yao. Kuitwa saa tisa na kukabidhi funguo saa kumi na moja si mashauriano. Notisi ya mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na hiyo naona umelipwa. Kiinua mgongo sikioni mahali popote katika maelezo yako. Aliyefanya kazi mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi anastahili mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka alioukamilisha, hadi kufikia miaka 10. Kwa miaka yako sita ni siku 42. Dai pia malipo ya likizo uliyoistahili na hukuichukua, na hati ya utumishi, maana mwajiri ajaye anaweza kukuuliza.

Jaza fomu namba 1 ya Tume, mfikishie mwajiri nakala na ubaki na uthibitisho kwamba ameipokea, kisha uiwasilishe Tume pamoja na uthibitisho huo. Mgogoro huanzia kwenye usuluhishi, na usishangae ukamalizikia hapo. Kama ulichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa miezi 18 au zaidi, pita pia ofisini kwao uulizie fao la kukosa ajira, ambalo ni la walioachishwa, si la walioacha wenyewe.

Wanaume wengi niliowasaidia walinijia mwezi wa tatu au wa nne, na kila nilipomuuliza mmoja wao alikuwa wapi siku zote hizo, alitazama chini. Wanawake hufika wiki ya kwanza, wakiwa na barua na shangazi.

Kijana wa Mwanza amejibu:

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naomba tusiyatupe mafundisho yote kwa sababu mtu mmoja ameyatumia vibaya. Mimi nilikuwa mtumwa wa kubeti. Mwalimu amelisifu baraza, ila mimi baraza la mtaani kwetu ndilo lililonifundisha kubeti, na wazee waliokaa hapo walinitazama nikiuza simu, kisha pikipiki, bila kuniuliza neno. Aliyenitoa ni sauti ya mtu nisiyemjua, katika simu ya kuazima, akisema kwamba hakuna atakayekuja kuniokoa. Yalikuwa maneno makali na nilihitaji ukali huo.

Tena, kuhusu wake na wachumba, tuseme yaliyopo. Mtaji wangu wa duka ulipoibwa nilimweleza mchumba wangu siku ile ile, kwa uaminifu, na haukupita mwezi wa pili akaondoka. Kwa hiyo ninaposikia kwamba mwanamume aseme tu na yote yatakuwa sawa, naona anayesema hivyo hajawahi kulipa bei yake. Kaka, sema, lakini uwe na mpango mkononi kwanza, hata kama ni wa kuuza maji barabarani.

Mwalimu Mstaafu, Tanga amejibu:

Kijana wangu wa Mwanza, hapo kwenye baraza umenipata. Liko baraza la bao na kahawa na liko baraza la kuchunguliana, na wewe uliangukia la pili. Wazee wale walikukosea. Pole pia kwa mchumba, ingawa moyoni naona ni heri aliondoka kabla ya mahari.

Ila naomba nikubishie kidogo. Hiyo sauti ya ukali ilikufaa kwa sababu ilikutuma ukatende jambo lililokuwa mbele yako, nalo ni kuacha kubeti. Mwenzetu imemtuma akatende jambo moja tu, nalo ni kuonekana. Ukali ule ule, kwa mtu ambaye tatizo lake halikuwa uzembe, umegeuka kuwa kufuli. Sikumwambia kwamba akisema yatakuwa sawa. Sijui kama yatakuwa sawa.

Mama wa Kihonda amejibu:

Nimesoma tangu juu, nami naomba niseme kama mke, kwa sababu naona tunajadiliwa kana kwamba hatumo humu.

Kijana wa Mwanza amesema kweli kwamba wanawake tunapima. Mimi napima unga, mafuta, nauli ya watoto na siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi, na mtu anayepima anahitaji kupewa hesabu ya kweli. Mume wangu alinificha mkopo kwa miezi minane. Katika miezi hiyo nilijiunga na kikoba nikaahidi hisa ambazo ningeweza kuzilipa kwa mshahara niliodhani upo. Nikamhamishia mtoto katika shule ya kulipia. Nikatangaza mchango mkubwa kwenye harusi ya mdogo wangu, watu wakapiga vigelegele. Kila uamuzi ulikuwa mzuri kwa hesabu niliyokuwa nayo. Siku wakopeshaji walipokuja kubeba friji na makochi mbele ya majirani, friji haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kugundua kwamba kwa miezi minane nilikuwa kama fundi anayekata kitambaa kwa futi iliyokosewa namba.

Sikumwacha. Deni tulilimaliza kwa miaka miwili, tukiuza vitumbua na yeye akisukuma mkokoteni sokoni, na ajabu ni kwamba hiyo miaka miwili ya mkokoteni naikumbuka kwa wema. Lakini baada ya deni kwisha bado nilikuwa nikimsikia akisema mvua inanyesha, nachungulia dirishani. Hilo lilichukua muda mrefu kuliko deni.

Unashauriwa uwe na mpango kwanza. Mpango utaufanya na nani, ndugu yangu? Mkeo anajua bei ya kila kitu hapo Mbagala kuliko wewe unayeondoka alfajiri na kurudi jioni. Muulize pia amemwahidi nani fedha za mwezi ujao, kabla hajaahidi zaidi. Usimwambie mbele ya watoto. Usianze kwa kusema ulitaka kumlinda, kwa sababu maneno hayo yatamkasirisha kuliko barua yenyewe. Mpe barua aisome, ukae kimya, na kimya hicho kitakuwa cha kwanza chenye maana tangu tarehe 3.

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Kwa ufupi, kwa kuwa naingia kazini. Mtunza Ghala, hukutuambia unalala kwa muda wa saa ngapi, na hotpoti iliyoshindikana kufunguliwa imenipa wasiwasi kuliko mambo mengine yote uliyoandika. Kazi imekwenda, na kabla yake ulimzika baba bila kumwomboleza. Hiyo ni misiba miwili imekaa ndani ya mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua duniani, na miongoni mwao wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Sisemi kwamba umefika huko. Nasema kwamba likikupitia, hata mara moja, wazo kwamba familia ingekuwa na nafuu bila wewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie hivyo hivyo, kama ambavyo ungekwenda na kifua kinachobana.

Kwa wanaodhani kwamba machozi huondoa heshima ya mwanamume, Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa shairi, likachapishwa, likasomwa shuleni na wajukuu wa watu, na sijasikia aliyemwita dhaifu.

Mtunza Ghala ameandika tena:

Wakubwa zangu na ndugu zangu, nimewasoma wote, wengine mara mbili. Leo ni tarehe 29.

Nilimwambia jana saa mbili usiku, watoto walipokwisha kulala. Nilifuata ushauri wa Mama wa Kihonda nikampa barua, nikakaa. Aliisoma, akairudia, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo: "Hii ni ya tarehe 3. Tarehe 4 nilikufungia ugali na dagaa. Ulikwenda kuulia wapi?" Nikamwambia kwenye benchi, Kivukoni. Akauliza ni siku ngapi. Nikamwambia zote. Akaondoka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Hatukuzungumza tena mpaka asubuhi. Asubuhi aliniuliza kimebaki kiasi gani, akachukua daftari la mtoto, akaandika upande wa nyuma. Hana kikoba, lakini alikuwa amemwahidi mdogo wake wa kiume sehemu ya ada ya chuo, akampigia simu mbele yangu kumwambia haitawezekana. Hakumwambia sababu. Kuisikia simu ile kulikuwa kugumu kuliko kuitwa ofisini saa tisa. Kijana wa Mwanza, sijui kama ataniheshimu kama zamani, na sioni namna ya kulijua hilo wiki hii. Muuguzi, usingizi ni wa muda wa saa tatu au nne tu kwa usiku. Lile wazo ulilolitaja halijanijia, na likija nimekuelewa. Suala la baba sijaligusa.

Mjumbe, fomu nimeijaza. Mpokezi wa pale kazini kwangu kwa zamani alikataa kuipokea nakala, akaenda ndani, akakaa muda mrefu, kisha akarudi akaigonga muhuri bila kunitazama. Kesho asubuhi tunakwenda Tume wote wawili, kwa sababu mke wangu amesema anataka kuona kwa macho yake ninakokwenda. Hotpoti amesema hafungi.